Mwanangu Anasema "Baadaye" Mpaka Saa Nne Usiku

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia watoto wakiwa wameshalala, na hasira bado haijanishuka. Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka 11 na yuko darasa la tano, wa kike ana miaka 8. Huyu wa kike hana neno: akirudi shule anakula, anatoa daftari, anamaliza, anakwenda kucheza. Kaka yake ndiye anayenizeesha.

Nikimwuliza kama ana kazi ya nyumbani, jibu ni "Ninayo, nitafanya baadaye." Baada ya chakula, "baadaye kidogo." Ikifika saa mbili usiku nimeshamkumbusha mpaka koo limenikauka, ndipo anakaa mezani. Na kukaa kwenyewe ni kwa vituko. Anachonga penseli mpaka inabaki nusu. Anaandika tarehe, anaipigia mistari miwili kwa rula, taratibu, kama fundi. Anakwenda kunywa maji. Anarudi, anauliza kifutio kiko wapi. Anakwenda msalani. Saa nne analia kwamba amechoka, mimi nami nafoka, na kazi yenyewe ni hesabu kumi tu.

Kilichonisukuma kuandika ni mambo ya wiki iliyopita. Walikuwa wamepewa wiki mbili nzima kuandaa mradi wa sayansi, kuchora mzunguko wa maji na kuueleza kwa maandishi. Mimi sina habari. Ameniambia Jumapili usiku, na kazi inatakiwa Jumatatu asubuhi. Baba yake akakaa na rangi mpaka saa sita anachora mawingu na milima, mwenye kazi amelala fofofo. Mtoto akapata alama nzuri, akarudi anajisifu kana kwamba kachora yeye.

Kumsema nimemsema. Methali nimemaliza. Nikianza tu "Ngoja ngoja," ananimalizia yeye, "huumiza matumbo," halafu anageukia upande wa pili wa kochi.

Na si mjinga. Juzi alifungua redio iliyokufa, akapanga vipande vyote sakafuni kimoja kimoja, saa mbili hajainua kichwa. Hapo "baadaye" haikuwepo.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Mume wangu anataka tumpe fedha kidogo kila anapomaliza mapema. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema tunamdekeza na dawa yake ni kiboko. Mimi nimejaribu kumkalia pembeni swali kwa swali, na hapo anafanya, lakini nikiinuka naye kainuka. Naomba unisaidie. Huu ni uvivu au ni nini? Niendelee kumkalia au nimwache aanguke ajifunze? Na hawa wawili niwajibu nini?

Mama aliyechoka

*

Marahaba, mama.

Umeandika kwa hasira, lakini umemwangalia mwanao vizuri kuliko unavyodhani. Karibu kila ninachohitaji kukujibu kimo ndani ya barua yako.

Nianze na ile redio. Mtoto mvivu hahangaiki na redio saa mbili. Uvivu ungemfuata mpaka sakafuni. Wa kwako ana bidii na ana subira, ila kuna kitu ndani ya lile daftari kinachomkera, na kila anaposema "baadaye" anapata nafuu papo hapo. Watafiti wawili wa tabia hii, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliieleza hivyo mwaka 2013: kwa sehemu kubwa, kuahirisha ni kutafuta kutuliza hisia za sasa hivi, na bili anaachiwa yule mtu wa kesho. Kwa hiyo ukimhubiria habari za muda na maisha ya mbele, maneno yanapita juu. Hajashindwa kuelewa kwamba kesho ipo. Anakimbia kitu kilichopo leo. Tena ana miaka 11, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia kupanga mambo na kujizuia, huchelewa kukomaa kuliko nyingine, mpaka mtu ameshapita miaka 20.

Basi kazi yako ya kwanza ni kujua anakimbia nini. Wala usimwulize, maana atakujibu "sijui" na atakuwa anasema kweli. Mwangalie tu anainuka lini.

Nimekaa na darasa la tano miaka mingi, na hilo ndilo jambo ninalolitazama kwanza. Kuna mtoto anayeyoyoma kabla hata mkoba haujafunguliwa. Huyo mara nyingi amechoka, au ana njaa, au kazi zimemjaa kichwani kama fungu moja na hajui aanze na ipi. Huyo hata tarehe haandiki. Wako anaandika, tena kwa mistari miwili ya rula! Maana yake kukaa anaweza. Anachokikwepa kinakuja baada ya tarehe, yaani swali la kwanza.

Hapo kuna njia mbili, na wewe ndiye utakayeona ni ipi. Akisoma swali kisha akaondoka bila kuandika kitu, kuna uwezekano mkubwa haelewi. Darasa la tano ni mahali ambapo wengi wanakwama kwenye sehemu. Unaambiwa ujumlishe nusu na theluthi, asili hazifanani, inabidi utafute kigawe kidogo cha shirika kwanza. Mtoto aliyeumwa siku ile, au aliyekuwa anacheka na mwenzake nyuma, atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, atapata mbili ya tano badala ya tano ya sita, atawekewa alama ya kosa, na hatajua kwa nini. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu penseli itahitaji kuchongwa. Huyu usimpangie ratiba kabla hujamfundisha sehemu. Robo saa ya kumwelekeza, kwa karatasi iliyokunjwa na kukatwa, itafanya kazi kuliko mwezi mzima wa kumkumbusha.

Njia ya pili ni yule anayeandika, anafuta, anaandika, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Huyo anaelewa, ila anaogopa kukosea. Na ile mistari ya rula, mama, inanitia wasiwasi kidogo. Mtoto anayetaka hata tarehe iwe safi huenda ni mtoto anayeona bora asianze kuliko aanze vibaya. Kama ni hivyo, mpe karatasi ya takataka. Ajaribu hesabu humo kwanza, ovyo ovyo, bila rula, akijua kwamba hakuna atakayeisahihisha, kisha ahamishe kwenye daftari. Na ukitazama kazi yake anza na zilizo sahihi. Wazazi wengi jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kosa, mtoto analiona jicho hilo.

Kwa hiyo kesho, badala ya "Umeshafanya kazi ya nyumbani?", mwambie "Hebu nisomee swali la kwanza." Basi. Asipoelewa utasikia hapo hapo kwenye sauti yake. Akielewa, ameshaanza bila kujua.

Uliuliza kama uendelee kumkalia. Kwa sasa ndiyo, ila si namna hiyo. Kumkalia swali kwa swali kumekufanya wewe uwe injini, ndiyo maana ukizima naye anazima. Kaa naye swali la kwanza tu. La pili afanye wewe ukiwa meza hiyo hiyo na shughuli yako, unashona, unahesabu matumizi, chochote, macho yako yasiwe kwenye daftari lake. Akizoea, sogea mpaka chumba cha pili, umwambie akwame aite. Jambo hili linakwenda kwa wiki, wala usishangae akirudi nyuma siku moja moja, hasa baada ya likizo.

Kisha kuna kuanza kwenyewe. Neno "baadaye" halina saa, ndiyo maana linampendeza. Lakini saa ya ukutani nayo mtoto haimshiki sana. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer amechunguza kitu rahisi mno: mtu akiunganisha kazi yake na tukio maalumu, "likitokea hili, nitafanya lile," anaanza kwa urahisi zaidi kuliko aliyesema tu kwamba ana nia. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 1997, wanafunzi walipewa kazi ya kuandika ripoti ndani ya siku mbili, katikati ya sikukuu ya Krismasi. Walioambiwa waamue mapema wataiandikia wapi na lini waliitimiza zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Kwa mwanao iwe hivi: "Nikiweka sahani yangu kwenye beseni, nafungua mkoba." Aichague yeye. Mpe hata nafasi ya kucheza kwanza kama anarudi akiwa hoi, mradi asianze na kitu chenye utamu usiokwisha. Mtoto aliyetoka kukimbia uwanjani anachoka mwenyewe anarudi. Aliyeanza na runinga au mchezo wa simu itabidi umng'oe, na hapo unakuwa na vita viwili kabla ya hesabu hata moja. Simu iwe chumba kingine, na ya kwako pia, samahani kwa kusema.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watoto wanalipenda. Kabla hajaanza, mwambie akisie: hesabu hizi kumi zitakuchukua dakika ngapi? Atasema saa nzima, kwa sababu kwake saa nzima ndivyo inavyohisika ukiwa umenuna. Aandike "60" pembeni, mwangalie saa, aanze. Akimaliza aandike muda halisi chini yake. Kama hesabu anazielewa, siku nyingi atashangaa. Asiposhangaa, yaani kama kweli anatumia saa na nusu kila siku akiwa ametulia, basi tatizo si lake peke yake. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyechambua tafiti nyingi za kazi za nyumbani, anatumia kipimo ambacho walimu wengi wa Marekani wanakifuata: dakika 10 kwa siku kwa kila darasa. Darasa la pili dakika 20, la tano dakika 50, masomo yote kwa jumla. Ni kipimo cha mkono tu, lakini kikizidi mno mfuate mwalimu wake umweleze. Mwalimu hajui kinachotokea mezani kwako saa nne usiku.

Sasa ule mzunguko wa maji. Hapa mambo yanageuka. Kwa kazi ya usiku mmoja mtoto hukisia muda mwingi kupita kiasi, kwa kazi ya wiki mbili hukisia mchache. Na si watoto peke yao. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliuandikia udhaifu huu mwaka 1979. Mwaka 1994 wakachunguzwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wanamalizia tasnifu zao: kwa wastani walisema watamaliza kwa siku 34, wakatumia 55 na ushei. Watu wazima hao. Wa kwako, wiki mbili kwake ni sawa na kuambiwa "siku moja huko mbele."

Dawa yake ni tarehe za katikati, na mwanzoni uzisimamie wewe. Watafiti Dan Ariely na Klaus Wertenbroch waliwapa watu maandishi matatu ya kusahihisha. Kundi moja lilirudisha moja kila wiki, la pili lilijipangia lenyewe, la tatu likaruhusiwa kurudisha yote siku ya mwisho. Waliopangiwa kila wiki walikamata makosa mengi zaidi, na ndio waliochelewa kwa muda mfupi kuliko wote. Waliojipangia wakawa katikati. Waliobaki na siku ya mwisho pekee walikuwa nyuma. Utafiti huo ni wa mwaka 2002 na waliopimwa ni wanafunzi wakubwa, ila sioni kwa nini mtoto wa miaka 11 ajipangie vizuri kuliko wao.

Kwa hiyo kila Ijumaa kaa naye dakika tano, uulize: "Kuna kazi yoyote ambayo si ya Jumatatu?" Wazazi huwa hawaulizi swali hilo. Ikiwepo, mwache aikate vipande vidogo mpaka kila kipande kiwe kitu unachoweza kukiona kwa macho. "Kusoma kuhusu mvua" hakionekani. "Orodha ya maneno manne, mvukizo, mawingu, mvua, mito, kila moja na sentensi yake" kinaonekana. Mchoro wa penseli siku nyingine, bila rangi. Rangi mwishoni kabisa, maana watoto huanza na rangi na kumaliza na kichwa cha habari, na muda umekwisha. Bandikeni karatasi ukutani, kila kipande na siku yake, akimaliza afute mwenyewe kwa kalamu nzito.

Na baba yake, kwa upendo wote, aweke rangi chini. Nimesahihisha michoro ya akina baba miaka mingi na naijua. Mawingu yana kivuli. Mtoto alipata alama nzuri kwa kulala, na hakuna somo linaloshika haraka kama hilo.

Kuhusu kumwacha aanguke: ndiyo, lakini si kwa kumtega. Mwambie mapema, siku ya amani, kwamba kuanzia wiki fulani utamkumbusha mara moja tu, na ikifika saa ya kulala daftari linafungwa, limekwisha halijakwisha. Usiku wa kwanza atadhani unatania. Atakwenda shule na hesabu nne kati ya kumi. Siku hiyo wewe ndiye utakayeumia tumbo, si yeye, lakini vumilia. Mwalimu wake awe anajua mpango huo kabla, na hapa nina sharti moja: kama shuleni kwake kazi isiyokamilika hulipwa kwa fimbo, usifanye hivyo kabisa. Unataka akutane na aibu ndogo na kuikamilisha kazi saa ya mapumziko, si kupigwa. Na jioni akirudi usimwambie "Si nilikuambia?" Anajua ulimwambia.

Sasa mumeo na fedha zake. Kuna jaribio mashuhuri la mwaka 1973 la mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake: watoto wadogo wa chekechea waliopenda kuchora waliahidiwa cheti kizuri kwa kuchora, na baada ya hapo, wakiachiwa wachague wenyewe, walichora karibu nusu ya muda waliotumia wenzao. Wengi hulitaja kuonyesha kwamba zawadi ni sumu. Mimi nalisoma kwa uangalifu zaidi, maana wale tayari walikuwa wanapenda kuchora, na mwanao sehemu hazipendi, kwa hiyo hakuna mapenzi ya kuua hapo. Ninachoogopa ni biashara yenyewe. Wiki ya pili atauliza hesabu za leo ni za bei gani, na dada yake anayemaliza bure kila siku atauliza zake ziko wapi. Utamjibu nini? Mwambie mumeo kama anataka kutoa kitu, atoe muda. Ile redio bado ina vipande sakafuni. Kazi ikiisha mapema, baba na mwana wakae waitengeneze. Haihitaji hata kuitwa zawadi.

Na ukiwa umenigusia huyo binti: usimtaje kama mfano. Kaka mtu akisikia "Mbona mdogo wako amemaliza?" hapati hamu ya kuanza, anapata sababu ya kumchukia mdogo wake.

Tumebaki na mama mkwe. Yeye na mimi hatutakubaliana. Mtoto anayekimbia daftari kwa sababu linamtia hofu, ukimwongezea kiboko umeongeza hofu kwenye kile kile anachokikimbia. Atakaa, ni kweli, na atajifunza kuficha. Pychyl na wenzake walifuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo walioahirisha kusoma kabla ya mtihani, wakaeleza matokeo mwaka 2010: waliojisamehe kwa kuahirisha ndio waliopunguza kuahirisha kabla ya mtihani uliofuata. Kujilaumu hakukuwasaidia wale wengine kuanza.

Lakini usiende kumsomea bibi utafiti. Ni mama wa mumeo, yuko nyumbani kwake, na kinachomuuma ni kwamba anaona mjukuu anaharibika naye haombwi msaada. Mpe kazi. Mwambie, "Mama, huyu akiandika insha nataka akusomee wewe kwanza, mimi hanisikilizi." Utamfurahisha, na mtoto atapata msikilizaji ambaye hana kalamu nyekundu. Insha yenye mtu anayeisubiri huanza mapema kuliko ile inayosubiriwa na mwalimu wa Jumatatu. Mwombe jambo moja tu: asimkatize katikati ya sentensi, hata akisikia kosa. Likimkera sana, amwambie baada ya nukta ya mwisho.

Niandikie shule zikikaribia kufungwa, uniambie anainuka lini sasa.